Ukoo wa Soksi

Bondeni Swaledale, kwa wafuga kondoo, karibu kila mtu ni Alderson; ukiita "Alderson!" mnadani, mnada mzima utageuka, pamoja na anayenadi. Ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la utani. La Wilf Alderson lilikuwa Soksi, kwa sababu babu yake alinasa kwenye tope siku ya theluji, akaviacha viatu humo na kuingia kanisani na soksi tu. Babu alishakufa zamani, soksi wakavishwa wajukuu. Wilf alilichukia jina hilo tangu shuleni, na mimi simlaumu hata kidogo. Mtu mzima achekwe kwa miguu ya babu yake?

Mwaka huu alikuwa na kondoo dume asiye na mpinzani bonde zima. Asubuhi ya maonyesho ya kondoo alimfuata Edgar Peacock, mshika kipaza sauti.

"Edgar, nikishinda leo niite Wilf Alderson. Basi."

"Wilf Alderson yupi? Na yule wa darajani je?"

"Yule hafugi hata kuku!"

"Bwana wee, Soksi inakuuma wapi? Haya, nitaangalia."

Hakuangalia chochote. Dume alishinda, na Peacock akapaza sauti: "Kombe ni la Wilf Soksi! Haya Soksi, njoo uchukue!" Watu wakashangilia kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Wilf akabaki palepale, ameshika pembe za dume, amenuna. Binti yake Maureen, aliyemlea dume huyo kwa maziwa ya chupa, akamsukuma.

"Baba, nenda!"

"Huyo Soksi simjui. Akija mnionyeshe."

Akaitwa tena, na tena. Kanuni iko wazi: asiyeitika hana kombe. Likaenda kwa wa pili, Jack Alderson, yaani Jack Pilipili, aliyekwenda kulichukua mbio kabla watu hawajageuza mawazo.

Jioni ile Maureen alipita baa. Mtu akampungia mkono kutoka kaunta: "Karibu, Maureen Haitiki! Baba Haitiki hajambo?" Baa nzima ikavunjika mbavu. Alifika nyumbani analia kwa hasira.

"Soksi tuliirithi, baba," alisema. "Hii umetubandika wewe. Na wanangu wataitwa hivyohivyo."