Simu Iliyolala Zambia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu moyo unanienda mbio. Nilikuwa msichana nyumbani kwetu Ihanda, kahawa imeiva, ukungu umelala mashambani, nami nimevaa kitenge kipya nikiwasubiri watu wa baba yako waje kuniposa. Sijawahi kukusimulia. Nakusimulia leo kwa sababu jana ulinijia dukani macho mekundu, ukanionyesha ujumbe uliomwandikia mchumba wako. Tiki mbili zipo, tena za bluu, maana yake umesomwa, na jibu hakuna tangu juzi. Ukaniambia, "Mama, namblok, na kwao wasijisumbue kuja." Nikakuomba usubiri mpaka leo. Ulinitazama vibaya, lakini ulisubiri, na ninakushukuru.

Usidhani naichukia simu. Mimi nimeuza vocha karibu na geti la mpaka tangu zile za kukwangua kwa kucha, nikauza laini za huku na za Nakonde, upande wa Zambia, na hata leo tunakula kwa sababu ya chaja na makava. Simu ndiyo iliyonipa habari bibi yako alipougua, nikamwahi akiwa bado anajua jina langu. Siwezi kuisahau fadhila hiyo. Ila ukikaa kaunta miaka mingi unaona mambo. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu zao, wakigombana mbele yangu kwa sababu fulani alikuwa hewani na hakupokea. Nimemwona mama mmoja akikataa kumzika shemeji yake kwa sababu ya status. Na ninyi vijana ndiyo kabisa, mnamsoma mtu kwa tiki kama vile tiki ndiyo moyo wake.

Basi sikiliza yaliyonipata.

Siku hizo simu Ihanda zilikuwa chache. Yangu alininunulia baba yako, ndogo, ya batani, na mtandao haukufika ndani ya nyumba. Ukitaka kupiga unakwenda nyuma ya shamba la kahawa, unapanda kichuguu, unanyoosha shingo, na majirani wote wanajua unaongea na nani. Baba yako alikuwa huku Tunduma, kijana wa kukimbizana na karatasi za malori kwa mawakala wa forodha. Kazi ile ilimtaka awe na laini mbili, ya huku na ya ng'ambo, na simu yake ilikuwa na nafasi ya laini moja tu. Kutwa alikuwa anafungua mfuniko, anatoa hii, anaweka ile.

Kwetu posa ina taratibu zake. Huzungumzwa asubuhi, kabla mtu hajaonja kinywaji, ili kesho asije akasema kwamba ni pombe iliyokubali. Kuku wa wageni hachinjwi mpaka wazee wapatane. Na wazee wa binti wakishakaa kusubiri, kisha wakainuka bila kumwona mgeni, hawaitwi tena kwa ajili ya kijana yuleyule. Posa hiyo imekufa. Unaweza kusema ni ukali, lakini wazee wetu waliona hivyo ndivyo heshima ya binti inavyolindwa, na mimi nilikuwa najua vizuri sana maana ilishamtokea dada mmoja wa jirani. Miadi yetu ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa nne ikafika. Barabarani kimya. Baba mkubwa, kaka yake babu yako, ndiye aliyekuwa na saa ya mkononi, na siku hiyo aliitazama mpaka nikaichukia. Alikuwa mzee wa utani, aliyezoea kuvuka na maharage kwenda kuuza Nakonde, lakini alikuwa ameacha wavunaji wake peke yao shambani na kahawa mbivu inadondoka.

"Hawa wageni wetu wanatoka Tunduma au Lusaka?" akauliza. Wenzake wakacheka kidogo. Aliporudia swali hilo mara nyingine, hakuna aliyecheka.

Baba yangu aliketi pembeni. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa fimbo. Mwanangu, ningeweza kuvumilia hasira yake, lakini ile aibu yake sikuiweza. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikakimbilia kichuguuni. Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, yule dada wa kwenye simu ananijibu kwa upole uleule kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Hapo ndipo nilipoanza kujitungia hadithi. Amepata mwingine. Ameogopa. Watu wa mpakani ndivyo walivyo, leo huku kesho kule. Kila nilichokiwaza nilikiamini papo hapo.

Nikaandika ujumbe: Umewaaibisha baba zangu. Usije, na usinitafute tena.

Kidole kilikuwa juu ya batani niliposikia mtu anahema nyuma yangu. Ni shangazi yangu, dada yake baba, mjane, ambaye kwa desturi yetu ndiye msemaji wa binti kwenye posa. Alikuwa hajui kusoma, lakini uso wangu ulimtosha.

"Esta, unaandika nini hapo?"

"Namwambia asije."

"Umemwuliza yuko wapi?"

"Hapatikani, shangazi."

"Basi hujamwuliza." Akashika kiuno, akavuta pumzi maana kichuguu kilikuwa kimemchosha. "Mtoto ukimtuma kisimani akachelewa, unaanza kumtafuta au unaanza kumtukana?"

"Lakini yeye simu anayo! Angekuwa na heshima angepiga."

"Simu anayo. Na njia ya kukufikia anayo? Unajua?"

Sikujua. Nikaanza kulia, na wala hakunibembeleza. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake ileile, nzito, ya Kinyiha: "Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema hivyo, na wale wazee pale uani ndivyo watakavyofanya. Lakini wewe ndiye unayetaka kuwa mke wake. Kama hata wewe hulishiki lake wakati hayupo, nani atalishika? Futa hayo. Jioni ukiyahitaji utayaandika tena, hayakimbii."

Nikafuta. Nikamwuliza, "Na wazee? Wanainuka sasa hivi."

"Wazee niachie mimi."

Tulipofika uani, baba mkubwa alikuwa ameshasimama na kofia iko kichwani. Shangazi hakubishana naye. Alipita moja kwa moja jikoni, akarudi na birika la maji ya moto na beseni, taulo begani, akapiga magoti mbele yake kwa adabu zote kama mkamwana wa mtu. Asubuhi ile ilikuwa na baridi kali, na maji ya moto yakikujia huwezi kuyakataa. Baba mkubwa akakaa, akanyoosha mikono, akanawishwa. Shangazi akaenda kwa wa pili, na wa tatu, mpaka wazee wote wakanawa.

Sasa, kwetu mtu akishanawa mikono hainuki kabla hajala. Kuinuka ni kumtukana mwenye nyumba. Walipokumbuka hilo walikuwa wameshakauka vidole.

"Dada," baba mkubwa akasema polepole, "chakula kabla ya maneno?"

"Maneno yatawakuta mmeshiba, kaka yangu."

Wakasubiri. Jikoni hakukuwa hata na sufuria motoni. Mama alitaka kuchemsha maji, shangazi akamzuia kwa jicho. Wazee wakakaa na mikono yao safi mapajani, hawawezi kushika hata fimbo. Baadaye jogoo akapita katikati yao, ananyata, anadonoa punje, na mzee mmoja wa upande wa mama akamtazama sana kisha akauliza, "Samahani shemeji, tunayemsubiri ndiye huyu anayetembea?"

"Ndiye huyohuyo," shangazi akajibu, na akaendelea kupepeta mchele ambao ulikuwa safi tangu jana. Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeziba mdomo kwa kanga, nalia na kucheka kwa pamoja.

Ndipo pikapu ya kukodi ikaingia. Akashuka mshenga, mjomba wa baba yako, mzee wa kijiji cha Ikinga mwenye koti refu, amenyooka, ana furaha. Nyuma yake baba yako, viatu vinang'aa. Wala hawakuwa na haraka ya watu waliochelewa, na hilo ndilo lililowakasirisha zaidi wazee.

"Hodi wenyeji!" mshenga akasema. "Tumefika kwa wakati tuliopatana."

"Wakati wa wapi?" akauliza baba mkubwa.

Mshenga akashangaa. Akamgeukia baba yako, naye akatoa simu kwa mikono miwili, akampa mzee. Baba mkubwa akaiweka karibu na saa yake ya mkononi, akatazama huku, akatazama huku. Saa yake ilikaribia saa tano. Simu ilikaribia saa nne.

"Kijana, humu ndani kuna laini gani?"

Baba yako akafungua mfuniko, na rangi ikamtoka. Ilikuwa laini ya Nakonde. Jana yake jioni aliiweka ili azungumze na tajiri mmoja wa malori, na kwa pilikapilika za safari akasahau kurudisha ya huku. Na wewe uliyezaliwa hapa mpakani unajua kilichotokea: simu ikashika mnara wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma kwa saa moja kufuata saa za wenzetu. Nyumba nzima iliamka na kuoga na kufunga safari kwa simu hiyo moja. Ndiyo maana nami sikumpata, maana namba niliyokuwa napiga ilikuwa kwenye pochi yake.

Mshenga akapiga paja. "Nilisema mimi! Asubuhi nilimwambia, mwanangu, ukungu upo, lakini mwanga huu ni wa jua lililopanda. Akanijibu, mjomba, simu haikosei!"

Wazee wote wakamgeukia baba yako. Alikuwa amesimama na mfuniko wa simu mkononi, na mimi nyuma ya mlango nilikuwa namwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Baba mkubwa akaitazama tena saa yake.

"Kweli haikukosea," akasema mwishowe. "Imelala Zambia, imeamkia Zambia, imesema saa za Zambia." Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Mulishani, wageni!" akawasalimu kwa Kibemba, na uani kote watu wakaangua kicheko, hata baba yangu, ambaye nilimwona anafuta macho. Baba mkubwa akamgeukia shangazi. "Dada, sasa huyo jogoo achinjwe. Mikono yetu inazeeka."

Kwetu neno hilo si la chakula tu. Shangazi akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kwa majirani, nami nikamkimbilia mama jikoni.

Mwanangu, ninapomtazama baba yako akisinzia kwenye kiti na miwani puani, huwa naukumbuka ule ujumbe. Hajui kwamba niliuandika, nawe usimwambie. Angeukuta siku hiyohiyo akirudisha laini yake, na ana fahari yule, asingekanyaga Ihanda tena. Wala si yeye aliyekosa, wala si mimi, na hata simu, masikini, ilifanya kazi yake. Lakini tungeachana, na kila mmoja wetu angezeeka akimlaumu mwenzake kwa kosa ambalo halikuwepo. Hilo ndilo linalonitia hofu mpaka leo. Usilolijua ni usiku wa giza, na mimi katika giza hilo nilikuwa tayari kutoa hukumu.

Miaka mingi baadaye, shangazi amelala kitandani na maradhi, nilimwuliza, "Siku ile ulijuaje kwamba atakuja?"

Akanitazama kama anayeshangaa swali lenyewe. "Sikujua," akasema. "Nilijua tu kwamba na wewe hujui."

Basi nasaha yangu ni hiyo. Tiki za bluu zinakwambia ujumbe umefunguliwa. Hazikwambii umefunguliwa na mkono wa nani, wala aliyeusoma alikuwa katika hali gani, amesimama kwenye foleni ya malori au kwenye mlango wa hospitali. Jambo kubwa usiliamue kwa maandishi. Mpigie, umsikie sauti. Asipopatikana mpigie mama yake, umsalimie kwanza kwa adabu, halafu umwulize kama mwanawe yu mzima. Kuuliza si ujinga, na hakujamshusha mtu hadhi. Ukishindwa huko kote, panda bodaboda uende, nauli nitakupa mimi. Na yale makali uliyonayo moyoni yaweke mpaka jioni, kama yana haki yatakuwa bado yapo.

Wala sikufundishi ujinga wa kungoja milele. Mtu akipotea mara moja, ulizia. Akipotea kila mara na kila mara ana sababu, hiyo si saa ya Zambia tena, hiyo ni tabia, na hapo nitakuja mimi mwenyewe tumblok wote.

Mungu aliyemweka shangazi juu ya kichuguu kile akuweke na wewe penye mtu wa kukuzuia mkono. Akupe mume atakayelishika lako siku usipopatikana, na akupe wewe moyo wa kulishika lake. Nenda kapige simu, mwanangu, na baraka zangu zikutangulie.