Baiskeli ya Baba kwa Pedali ya Mwangwi

Siku ile walikuwepo hawa: bibi mzaa baba, amekaa mkekani na tasbihi yake, baba mdogo, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Ngorongo, shangazi, aliyeolewa kusini milimani, jirani yetu, mama mwenye shamba lililopakana na letu, mdogo wangu wa kiume, darasa la tatu, kitinda mimba wetu, kalala mapajani mwangu, na mimi, msichana wa miaka kumi na sita, niliyeacha shule tangu mama alipomfuata baba kaburini. Nawataja wote kwa sababu baadhi yao wameshatangulia, na nisipowataja mimi, nani atawataja?

Yamenirudia juzi tu, nilipopita Kibiti nikakuta kibanda cha fundi redio kimegeuka duka la vocha. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Kikao kile kilikuwa cha kutugawana. Baba mdogo alimtaka wa kiume akamsaidie shamba. Shangazi alimtaka mdogo, kwa kuwa yeye Mungu hakumjalia mtoto. Hawakuwa watu wabaya. Mto ulikuwa umefagia shamba letu, ukatubakizia kipande kidogo cha mpunga, na bada, ugali wetu wa muhogo, tulikuwa tunaila kwa chumvi.

"Mimi nitawalisha," nikasema.

Baba mdogo akacheka. "Kwa lipi, mwanangu? Kwa lile gitaa?"

"Kwa lilelile."

Baba yetu alikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi iliyozunguka Kibiti na Ikwiriri. Hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, akanifundisha mimi, akaniachia gitaa lake la umeme na amplifaya ndogo ya betri. Jirani ndiye aliyeniokoa siku ile. Mpwa wake alikuwa anatolewa uwali kule Mtawanya mwanzoni mwa mavuno, na ngoma ya ndani ya ua haingii mwanamume. Wapiga vinanda wa kukodi wote wanaume, huishia nje ya makuti. "Huyu wa kike ataingia," alisema. "Akiwafurahisha wale, hatokosa mwaliko msimu mzima." Bibi akakata shauri: nipewe ngoma hiyo moja. Nikiweza, watoto wabaki. Nikishindwa, waje wachukuliwe.

Sasa, gitaa moja ni kama mtu anayejisemea. Katika bendi ya baba, solo likiuliza, rizimu lilijibu. Mimi wa kunijibu sikuwa naye. Ndipo nikakumbuka baba akisifia pedali ya mwangwi, kisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu, ambacho wapigaji hukiita dilei: unapiga noti moja, kinakurudishia hiyohiyo baadaye kidogo, hata mmoja akasikika wawili.

Fundi redio alikuwa nazo mbili, zote za mtumba.

"Hii mpya, binti, inarudisha sauti vilevile ulivyopiga, haipungui hata unywele. Na ina kitufe hiki: ngoma ikibadili mwendo, unagonga mara mbili kwa mguu, nayo inakufuata. Hii kuukuu ina vya kuzungusha vitatu tu. Huu muda, haya marudio, huu ukubwa wa sauti. Ukishaiweka, imekaa."

Nikajaribu zote. Ile mpya ilirudisha sauti kali mno, ikanikanyagia noti zangu. Ile kuukuu ilijibu kwa sauti iliyochakaa, ikififia kila iliporudia, kama mtu anayeitikia kutoka shamba la pili. Nilimsikia mwenzake baba kabisa. Machozi yakanitoka mle kibandani.

"Sauti umechagua," fundi akasema. "Na mwendo je?"

"Mwendo naujua."

"Haya, mjuzi."

Nikamwachia baiskeli ya baba, nikarudi kwa miguu.

Msimu ule tulikuwa tunaishi dunguni, kibanda chetu juu ya miti katikati ya mpunga, tukiamia ndege. Asubuhi kulinukia umande na moshi wa kambare wa kukausha. Mdogo wangu alipiga debe kufukuza ndege, pa, pa, pa, bila kuchoka na bila kubadili mwendo, nami nikauweka muda wa pedali kwa debe lile, jibu liangukie katikati ya pigo na pigo. Kitinda mimba akicheza juu ya mbao, dungu zima linatikisika. Nikikuambia nilikuwa na furaha katika njaa ile, utaniona mwongo.

Siku ya ngoma mimi na jirani tukaenda Mtawanya. Mwanzo ulikuwa mzuri. Akina mama wakapiga vigelegele, mmoja akaja kuchungulia nyuma yangu: "Huyu kaja wawili, mwenziwe kamficha wapi?" Nikamwona jirani anacheka kwa fahari, nikaanza kuhesabu moyoni sahani za wali.

Kisha mwali akatolewa, na ngoma ikapanda.

Ngoma ya wanawake hupanda. Nimezaliwa nayo, naijua kama njia ya kisimani. Lakini wiki zote zile nilijifunza kwa debe, na debe halijui furaha. Manju aliongeza mwendo, mikono ikakimbia, majibu ya pedali yangu yakabaki nyuma, yakiangukia pasipo pao.

"We mwana!" manju akaita. "Hao wawili wako wanagombana! Nifuate mimi!"

Nikainama nikauzungusha ule muda ngoma ikiendelea. Sauti ikapinda, ikalia kama mbuzi anayevutwa sikio. Ua mzima ukaangua kicheko. "Mchinjeni tule!" Nikaizima. Likabaki gitaa moja jembamba katikati ya ngoma tano, hata mimi sikulisikia. Manju akanionyesha kwa kidevu nikae pembeni. Walinifungia pilau niwapelekee wadogo zangu. Hakuna aliyenialika tena.

Baba mdogo alikuja Jumatatu, shangazi Jumatano. Wa kiume hakugeuka nyuma. Miaka miwili baadaye akarudi mwenyewe kwa miguu. Kitinda mimba aling'ang'ania gauni langu, ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja. "Usilie," nikamwambia. "Vuno lijalo nakuja kukuchukua."

Vuno lililofuata lilikwenda na maji. La pili bibi aliugua, nikamzika. La tatu nilifika hadi mlangoni kwa shangazi, nikamsikia kitinda mimba wetu akimwita shangazi mama, nikaacha kapu la mchele, nikarudi peke yangu.

Madungu yamepungua sasa, na mto umehamia lilipokuwa shamba letu. Kwenye ngoma za mwali wanakodi spika. Jirani amezikwa, manju naye, na fundi sijui alikokwenda. Gitaa ninalo. Kila mwaka napeleka mchele kule milimani, sijaruka hata mmoja.

Kitinda mimba wetu sasa ni mtu mzima, ana watoto wake wawili. Idi iliyopita alikuja kwangu, tukakaa uani tunachambua mchele. Bila kuinua uso akaniuliza, "Dada, ulisema vuno lipi vile?"

Nikaendelea kuchambua.