Nilikatazwa kuendesha watalii Ngorongoro mwaka mzima, faru akaniumbua

Wakuu, heshima yenu. Niko Karatu, baridi inauma, chai iko mkononi. Haya ninayosimulia niliyafanya mwenyewe, pamoja na ile sehemu ya barakoa.

Mimi ni dereva wa watalii, arobaini nimeshaivuka. Nina ugonjwa wa kutotulia. Nimeihama Karatu mara nne: Mererani, Mwanza, Tunduru, na mwisho Mang'ola. Mara zote kreta ya Ngorongoro imenirudisha. Ukishazoea kuteremka kule asubuhi ukungu ukifunguka, kwingine kote unaona kama stendi tu.

Kazi ya mwisho nilikuwa kwa Mzee Margwe wa Endabash, mwenye magari matatu. Siku moja alinipa mkataba mpya wageni wakiwa wameshapanda. Nikauweka juu ya boneti, nikasaini, tukaondoka.

Kusoma? Nani anasoma mkataba injini inanguruma?

Baadaye miguu ikaniwasha tena. Nikaaga, nikaenda Mang'ola kulima vitunguu. Miezi miwili tu vikanishinda (hiyo ni aibu nyingine, tuiache). Nikarudi, na Mama Neema wa Ganako, mwenye kampuni yake ndogo, akanichukua.

"Huko ulikotoka hujafungwa na kitu?" akaniuliza.

"Mama, mimi ni mtu huru."

Jioni ileile Mzee Margwe akanitumia picha ya ukurasa kwenye simu. Kipengele cha kumi na nne: nikiacha kazi kwake, ni marufuku kuendesha watalii wa kampuni nyingine Karatu na Ngorongoro kwa miezi kumi na miwili. Chini kaandika: "Nikikukuta kreta, utaongea na wakili wangu."

Sahihi ni yangu kabisa, na alama ya grisi ya kidole pembeni.

Wakuu, mwaka mzima! Kazi nyingine siijui, na vitunguu vilishanikataa. Mama Neema sikumwambia. Nikanunua kofia pana, miwani myeusi na barakoa. Wageni wakiuliza, nasema vumbi. Pale getini madereva wenzangu wakawa wananiamkia, "Shikamoo daktari."

Shida ikawa redio ya gari. Kreta tuna desturi: ukiona mnyama unawatangazia wote, hata wa kampuni nyingine. Anayenyamaza ni mchoyo, sawa na anayejifungia ndani kula nyama. Na majina tunayaficha, wageni wasije wakatumaini bure: tembo ni "masikio", faru ni "wa pembe". Mimi salamu yangu ilishajulikana miaka yote, Kiiraqw changu cha kuokota: "Saita wapwa, mmekunywa chai?"

Wiki mbili nilikaa kimya. Simba wamelala katikati ya barabara, nameza mate.

Wiki ya tatu, karibu na msitu wa Lerai, faru akatoka. Siyo yule wa darubini, unayemwonyesha mgeni nukta nyeusi na kumwapia kwamba ni faru. Huyu alikuwa anakuja barabarani, mzima mzima.

Mkono ukaenda wenyewe.

"Saita wapwa, mmekunywa chai? Wa pembe yuko Lerai, anakuja barabarani!"

Sauti nzito ikajibu: "Nimekunywa. Usimwache, nakuja."

Mzee Margwe! Alikuwa anaendesha mwenyewe, maana pengo langu halijapata mtu.

Akaja kusimama ubavuni kwangu. Nyuma kuna bibi mmoja wa kizungu, hii ni safari yake ya tatu kumtafuta faru. Bibi akaangua kilio, akanipungia mikono yote miwili.

Mzee akashusha kioo. "Vua hiyo barakoa, unafanana na mwizi wa kuku."

Nikavua. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umevunja kipengele cha kumi na nne."

"Ndiyo mzee. Nimrudishe faru msituni?"

"Nyamaza, wageni wanapiga picha."

Kesho yake mzee alimwita Mama Neema, tukakaa watatu ofisini kwa mzee. Mama Neema alianza na mimi: "Mtu huru, eeh?" Nikaangalia viatu. Kisha akamuuliza mzee anachoogopa hasa ni nini.

Mzee akasema kuna dereva aliwahi kuondoka na namba zote za wageni wake. "Kreta siyo yangu, mama. Wageni ndio wangu."

Tukaandika karatasi mpya: niendeshe, ila wageni wake nisiwaguse mpaka miezi iishe. Namba nikazifuta mbele yake, hata ya yule Mnorwe anayenitumia picha za mbwa wake tu.

Nikiwa mlangoni akaniita. "Kuna jambo moja siliandiki. Redio usiizime."

Wakuu, someni kabla ya kusaini. Angalieni ni muda gani, eneo gani, na bosi analinda nini hasa. Mkiona kipengele kinawabana maisha yote, mpelekeeni mjuzi wa sheria, msikimbilie kofia.

Mkataba wa Mama Neema nimeusoma saa nzima, mezani, injini imezimwa. Kipengele cha tisa: dereva haruhusiwi kuvaa barakoa bila sababu ya kiafya.

Nimesaini. Wenye vipengele vya ajabu kuliko hiki, vimwageni hapa tucheke pamoja.