Vibuyu Vilivyorudi Vimejaa

Walisema sitawahi kutamka neno, sembuse kusoma. Leo nina diploma na nyumba ya mawe niliyojijengea mwenyewe, lakini harufu ya uji wa wimbi uliochacha bado hunifanya nisage meno.

Mama alikuwa amejifungua dada yangu mdogo. Alilala ameelekea ukutani, hali chakula, hasemi, hata mtoto akilia. Wanawake wa kijiji walileta vibuyu vya uji, kama ilivyo desturi kwetu mtu akizaa. Mama hakuamka kuwapokea.

"Wengine wanazaa na kesho wako shambani," mmoja akafoka. "Huyu anajifanya malkia. Na hako kavulana kake ni bubu tayari."

Wakabeba vibuyu vyao vikiwa vimejaa, wakarudi navyo kwao. Nilikuwa na njaa.

Jirani mmoja tu, muuza ndizi wa soko la Gakoromone, ndiye aliyebaki. Alimwosha mtoto, akamlisha mama kwa kijiko, kisha akaniketisha tuchambue maharagwe.

"Mama yako si mvivu, ni mgonjwa. Tutamngoja. Haya, hesabu kwa sauti."

Alikuja kila siku, hadi mama akaketi mwenyewe, nami nikafika mia.

Niliporudi na diploma, wanawake wale wale walijaa uani kwetu. "Si ni sisi tulikulea, baba?"

Nilimpakulia jirani yule uji kwa mkono wangu, mama akiwa kando yake. Kisha nikavipitisha vibuyu vilivyojaa mbele ya wale wengine, nikavirudisha jikoni. Siku hiyo nilimlipa kila mtu alichonikopesha.