Kitabu Alichokiachia Njiani

Eda ni miezi minne na siku kumi, na mimi si mtu wa kukaa ndani. Wiki ya kwanza nyumba yetu ya Makindye ilijaa watu hadi nikatamani waondoke. Wiki ya tatu waliondoka kweli, nikaanza kuwasema kwa kuondoka.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa helikopta jeshini. Kutoka kozi ya Urusi alirudi na riwaya mbili za huko, tafsiri za Kiingereza. Ile nyembamba aliimaliza. Ile nene aliiachia katikati, kona ya ukurasa imekunjwa. Miaka yote alinisihi nizisome, nami nikimjibu kwamba Warusi wake hawapiki wala hawafui.

Sasa nafasi ilikuwa tele, nikashindwa kuchagua. Ile nyembamba ingenipeleka pamoja naye hadi mwisho. Lakini nene ndiyo aliyokuwa nayo mkononi siku zake za mwisho, na nilitaka kuwa karibu na siku hizo.

"Soma hii kidogo kwanza," wifi yangu aliniambia alipoleta sukari. "Hii mukubwa itakushinda. Hata yeye ilimushinda."

Neno hilo liliniudhi. Nikachukua ile nene.

Mrusi mmoja ana majina matatu, ningepotea mapema. Kumbe mume wangu alikuwa amewapa wahusika wote majina ya majirani zetu wa zamani wa kambini, kwa penseli, pembeni. Jenerali mlevi: "huyu sajenti wa bendi." Shangazi mmbeya: "mama wa chapati." Nilicheka kwa sauti, nikageuka nimwonyeshe mtu, hapakuwa na mtu. Upweke uliniuma pale kuliko siku ya mazishi.

Nikaanza kujitafuta. Kila alipoingia mwanamke, nilitazama pembeni kabla ya kusoma. Yule mrembo alikuwa mke wa kapteni. Nilinuna siku nzima, nikimgombeza marehemu.

Nilifika kwenye ile kona mchana mmoja, adhana ya adhuhuri ikilia. Bado sikuwa nimejiona. Nikaikunjua, nikasonga mbele. Ukurasa wa pili mwanamke mpya alishuka kwenye gari la farasi, akabisha hodi, akaanza kumfokea mwenye nyumba kabla hata ya kuketi. Akamfokea, kisha akamtengenezea kola ya shati.

Pembeni hapakuandikwa kitu. Angesoma kurasa mbili zaidi, angenikuta.