Salamu za Wabwile kwa Gichuki

Jumamosi mchana ukiongea kwa kinyozi ya Wabwile, hapo Bungoma, anakutoa nje na povu kwa kidevu. Ni saa ya kipindi cha salamu kwa redio. Wateja walisema huyo kijana ni wazimu. Wangejua nini, hao?

Yeye na Gichuki walikulia kijiji moja, inaitwa Kwanza. Mwaka wa 2002 wako form two, wimbo mpya ikitoka leo, kesho maneno yote iko kwa exercise. Gichuki anaimba, Wabwile anapiga ngoma kwa deski mpaka wanafukuzwa darasani. Kadi za salamu za kutuma redio walijaza pamoja, jina mbili kwa kadi moja. Mtangazaji akawabatiza mapacha wa Kwanza, wakatembea kifua mbele wiki mzima.

Halafu Januari ya 2008 ikakuja, na vita ya kabila baada ya kura. Gichuki alikuja mbio, mama yake nyuma, akagonga mlango ya Wabwile.

"Wabu, ni mimi. Fungua."

Wabwile alikuwa ndani, mkono kwa komeo. Vijana wa mapanga walikuwa wanasikika barabarani. Akaogopa. Hakufungua. Asubuhi nyumba ya kina Gichuki ilikuwa majivu, na hakuna mtu alijua wameenda wapi.

Kukaa hapo Kwanza ikamshinda, akahamia Bungoma. Kila wiki anatuma kadi: salamu kwa Gichuki popote alipo, na ule wimbo wao wa form two. Miezi nane. Kimya. Akaanza kuota kaburi.

Siku moja akimnyoa mzee Sifuna, redio ikasema: Gichuki, kutoka Nyahururu. Wabwile akazima mashine. Salamu ziwafikie Muigai, Hesbon, Phelista, wote wa darasa yao, mwalimu wa hesabu, hata mama wa mandazi wa geti ya shule. Watu kumi na mmoja. Wabwile alisimama akingoja jina yake. Haikukuja. Wimbo ikaanza, ile ile.

"Si huyo ndio unatafutanga?" Sifuna akauliza. "Ako hai, bana. Furahi."

"Ako hai, mzee."

Akamaliza kumnyoa, akafunga kazi, akanunua kadi. Kwa laini ya wimbo hakuandika kitu. Kwa laini ya ujumbe akaandika: Nilikuwa ndani. Akaisukuma kwa sanduku ya posta, halafu akaingiza vidole kwa hiyo shimo kuitafuta, lakini ilikuwa imeshaanguka chini.