Maji Matamu ya Mbao

Fundi amebandua rangi iliyofura kwenye mbao za nje za nyumba yangu hapa Bofa, na harufu ya ubao uliolowa imenirudisha utotoni. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, kwa diploma yangu na jasho la Uarabuni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Baba alikuwa fundi rangi wa nyumba za mbao za wageni, ufuoni huku huku. Kabla ya kupaka, aliziosha kwa maji matamu kutoa chumvi ya bahari, ubao kwa ubao, akipitisha kiganja polepole kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kisha aliulamba ubao kuonja kama chumvi imeisha. Sisi nyumbani tulioga maji ya kisima, yenye chumvi ya kuwasha macho. Nilikaa pembeni nikiionea wivu nyumba ya watu.

"Baba, nioshe na mimi."

"Wewe hubanduki, mwanangu," alicheka. "Ubao ukibaki na chumvi, rangi yote itafura."

Nikamnyooshea mguu wangu uliopauka, wenye magamba. "Mbona nabanduka?"

Aliutazama mguu. Akaitazama ndoo, iliyokuwa imebaki na maji kidogo. Kisha akaumwagia ubao wa mwisho.

Leo nimeagiza tangi zima la maji matamu.

"Yote ya mbao, bosi?" fundi ameniuliza.

"Niachie ndoo moja," nimemjibu, nikivua shati.